Kwanza Sato, Kadi Baadaye

Wakubwa zangu shikamooni, na wadogo hamjambo. Leo ni kumfundisha mtoto mdogo maneno kwa kadi za picha. Utangulizi nauacha, maana wote hapa mnalea. Naanzia kwenye beseni.

Mama ametoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, na sato wawili, kawaweka kwenye beseni sakafuni. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anakuja mbio, anachuchumaa, anamgusa mmoja mgongoni, anachomwa kidogo na miiba ya pezi, kidole kinarudi mdomoni. Neno liingie hapo hapo! Mama aseme: "Sato. Huyu sato ana miiba." Asimwite mtoto atazame kitu kingine, afuate macho yake yalipo. Kisha, beseni likiwa bado pale, atoe kadi yenye picha ya sato aiweke pembeni: "Na huyu ni sato." Mtoto ataangalia picha, ataangalia beseni, atarudi kwenye picha. Mwacheni aangalie hata mara kumi. Katika kwenda na kurudi huko ndimo anamojifunza kwamba karatasi hii inamwakilisha yule mwenye miiba.

Nalisema hili kila ninapopewa kipaza sauti, na leo nalisema tena: kitu kwanza, kadi baadaye. Mtoto wa miezi 9 ukimpa picha ya kikombe hujaribu kukinyofoa kwenye karatasi. Akifika miezi 18 hivi ndipo anaanza kuionyesha kwa kidole. Sasa wewe unamnunulia pakiti ya kadi barabarani, samaki ni katuni ya rangi ya chungwa yenye kope ndefu. Mtoto anaikariri, anasema "samaki", mnampigia makofi. Jioni analetewa sato wa kweli, yuko kimya. Msimwite mzito. Alichofundishwa ni jina la ile karatasi.

Kuna mtu atasema, "Mbona sisi tulikua bila kadi na tunaongea?" Kweli. Mlibebwa mgongoni toka kisimani hadi shambani, mnasemeshwa siku nzima. Mtoto wa leo anaachiwa simu. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019: chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 isizidi saa 1 kwa siku. Na msiniambie simu ina video za kadi. Video haimsubiri mtoto ajibu.

Kutengeneza ni rahisi. Piga picha vitu vya nyumbani kwako: sufuria, ndoo, ndala, kikombe, sato. Kitu kimoja kwa kila picha, juu ya kitambaa cheupe kisicho na maua. Chapisha steshenari, bandika kwenye manila ya A4 iliyokatwa vipande 4, kisha peleka ikapigwe plastiki. Ukikata, acha ukingo wa plastiki nusu sentimita kuzunguka. Ukikata sawasawa na karatasi, mate yanapenya na kadi inavimba. Pembe zizungushe, zisije zikamchoma jicho. Pini za steplesi, hapana kabisa, zikichomoka anameza. Na kikombe kiwe na picha tatu, cha bati, cha plastiki na cha udongo, la sivyo ataamini kikombe ni kile chekundu peke yake.

Anza na kadi 5, dakika 5, mara mbili kwa siku, na uache kabla hajachoka. Hapa ndipo wengi mnaniudhi. Mnamwinulia kadi usoni: "Hii nini? Sema! Sema basi!" Huo ni mtihani kabla ya somo. Taja wewe kwanza, siku kadhaa. Kisha weka kadi mbili chini: "Sato yuko wapi?" Hesabu kimoyomoyo hadi tano, usimsaidie. Mtoto huelewa neno mapema kabla ya kuweza kulitamka. Akionyesha sawa kwa siku tatu, ndipo muulize jina. Akisema "tato", jibu kwa furaha, "Ndiyo, sato! Sato mkubwa." Ukimkatiza "siyo tato", kesho hatathubutu. Ongeza kadi mpya moja kati ya nne anazozijua.

Na semeni kwa sentensi. "Hiki kikombe, hivi vikombe." "Huyu sato", si "hii sato". Ngeli mtoto huzipata masikioni, na jina likiwa limesimama peke yake hazipati.

Kuhusu Kisukuma, kwa haraka: bibi aendelee kusema minzi na mama aseme maji. Hakimchanganyi mtoto wala hakimcheleweshi. Ukihesabu maneno yake, hesabu ya lugha zote mbili.

Kadi za vitendo nilitaka kuzieleza, muda umenitupa mkono. Kuruka kufundisheni kwa kuruka naye, kunywa kwa kunywa naye.

La mwisho, na hili naomba mlishike. Mtoto akifika miaka 2 hajaunganisha maneno mawili kama "mama njoo", au ukimwita kutoka nyuma hageuki, msimwongezee kadi. Mpelekeni akapimwe masikio wiki hiyo hiyo. Anzieni kliniki mnayompelekea chanjo, waombeni rufaa, na msikubali kuambiwa "ataongea tu akikua" kabla hajapimwa.