Chumvi ya Bahari kwa Ngozi na Afya: Kila Kitu Kiko Kwenye Kipimo

Mhadhara uliotolewa Dar es Salaam kwa wamiliki wa saluni, wasingaji wa maharusi na watengenezaji wadogo wa vipodozi

Wazee wangu, shikamooni. Dada zangu wa saluni, masomo na makungwi mnaosinga maharusi, na nyie vijana mnaotengeneza sabuni na mafuta majumbani, asanteni kwa kuja na jua hili.

Niseme mapema ninachokiamini, ili mnipime nacho mpaka mwisho. Chumvi ya bahari inamfaa mtu kwa mambo machache, na kwa hayo machache inafaa kweli, mradi kipimo kiwe sawa. Ikizidi inaunguza, ikipungua haina kazi. Sifa nyingine nyingi inazopewa mitandaoni haistahili.

Tuanze na namba mbili. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Majimaji ya mwili wa binadamu yana nguvu inayolingana na gramu 9 za chumvi kwa lita, na ndicho kipimo cha ile dripu ya maji ya chumvi mnayoiona hospitali. Maji ya gramu 9 yakigusa jeraha au utando wa pua hayawashi, kwa sababu hayavuti maji kutoka kwenye seli wala hayayasukumi kuingia. Yakizidi hapo, yanavuta. Mnaotengeneza kachumbari mnalijua hili: kata kitunguu, nyunyizia chumvi, kiache dakika kumi, bakuli linajaa maji na kitunguu kimelegea. Ngozi nzima ina tabaka la juu la seli zilizokufa na mafuta linalozuia jambo hilo lisitokee haraka. Ngozi iliyochubuka imepoteza kinga hiyo, na ndipo mtu anaporuka kwa kuwashwa. Mwasho huo si dalili kwamba dawa inafanya kazi. Ni seli zinaumia.

Sasa chumvi yenyewe. Mwambao wetu una mashamba ya chumvi Bagamoyo, Kilwa, Lindi, Mtwara. Maji ya bahari huingizwa bwawani wakati wa kujaa, yakaachwa juani, yakahamishwa bwawa hadi bwawa huku yakizidi kuwa mazito. Chokaa huganda kwanza, ikifuatiwa na jasi; chumvi ya kula huanza kuganda maji yakiwa yamebaki kama sehemu moja ya kumi. Mvunaji mzuri huvuna kabla maji hayajakauka kabisa, kwa sababu yale yanayobaki ni maji machungu, yamejaa madini yanayoitwa magnesi. Akichelewa, uchungu unagandia kwenye punje. Chumvi ya namna hiyo ukiilamba inaacha ukakasi mdomoni, na wakati wa masika inalowa ndani ya mfuko mpaka inachuruzika, kwa kuwa kloraidi ya magnesi inanyonya unyevu wa hewani. Kwa maji ya kulowekea miguu haina ubaya. Kwa skrabu, yaani chumvi iliyochanganywa na mafuta ya kusugulia ngozi, ni hasara tupu: punje zinashikana mabonge na mafuta yanajitenga.

Ukienda kununua chumvi ya mawe, yaani hii ya bahari yenye punje kubwa, weka kijiko kimoja kwenye glasi ya maji safi, koroga, subiri dakika tano. Tazama chini ya glasi. Ukiona mchanga, achana nayo. Ubora mkubwa wa chumvi kuliko vitu vingine vya kusugulia ni kwamba inayeyuka. Ukisugua mno, maji yanakuokoa. Mchanga hauyeyuki. Na tafadhali, asiwepo wa kuchota maji ya bahari hapa mjini akayachemsha ili apate chumvi yake ya asili. Mto Msimbazi unamwaga taka za jiji baharini pale Daraja la Selander, na kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi madini ya risasi, zebaki wala chembe za plastiki. Kunazikusanya.

Nimeulizwa sana kuhusu madini mengi yanayosemwa yamo ndani ya chumvi isiyosafishwa. Madini yamo, lakini tupige hesabu. Chumvi ya bahari iliyovunwa vizuri, kwa sehemu kubwa kabisa, ni kloraidi ya sodiamu, yaani chumvi ile ile ya kawaida ya kula. Tuseme magnesi iwe nusu ya asilimia moja. Kwenye gramu 5 utapata miligramu 25, na mtu mzima anahitaji kati ya 300 na 400 kwa siku. Kiganja cha karanga, gramu 30, kinakupa kama 50. Ile chumvi ya waridi ya Pakistani rangi yake ni kutu ya chuma, na kiasi chake ni kidogo vilevile. Kula karanga na mchicha.

Chumvi ya Bahari ya Chumvi, ile iliyopakana na Yordani, ni habari tofauti. Maji yake yana chumvi takriban mara kumi ya bahari yetu, na sehemu kubwa ni ya magnesi. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti wa Ujerumani: watu wenye ngozi kavu ya mzio walitumbukiza mkono mmoja kwenye maji yenye asilimia 5 ya chumvi hiyo, dakika 15 kila mara, kwa wiki 6, na mkono mwingine kwenye maji ya bomba. Mkono wa chumvi ulishika unyevu vizuri zaidi na wekundu ukapungua. Ni matokeo mazuri. Ila aliye na chumvi ya Bagamoyo asiyaandike kwenye lebo yake, maana hayakupimwa kwa chumvi ya Bagamoyo.

Twende kwenye skrabu, kwa kuwa wengi mmekuja kwa ajili yake. Chukua chumvi ya mawe, ikaushe juani au kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo mpaka usikie ukavu wake mkononi. Isage kwa blenda kavu au kinu, kisha ichekeche kwa chujio la chai. Kinachopita ndicho cha mwili. Kinachobaki juu kina ncha kali. Rudisha kinuni, au kiweke cha kulowekea miguu. Pima gramu 200 za chumvi laini kwa mililita 100 za mafuta ya nazi au alizeti. Ukitaka harufu, matone yasiyozidi 10 ya mafuta ya karafuu kwa mchanganyiko huo wote. Karafuu ni kali na ikizidi inaunguza. Usiweke maji kabisa. Maji yanayeyusha punje, na mchanganyiko wenye maji unahitaji dawa ya kuzuia kuoza.

Mteja aoge kwanza kwa maji ya vuguvugu. Skrabu ipakwe kwenye ngozi mbichi, isiyokaushwa, kwa viganja, si kwa dodoki. Dodoki na chumvi kwa pamoja ni vingi mno. Zungusha mkono taratibu kama dakika moja kwa kila mguu na mkono, ukaze kidogo kwenye viwiko, magoti na visigino, halafu suuza kwa maji mengi. Futa kwa kubonyeza taulo bila kusugua, na ndani ya dakika tatu, ngozi ingali na unyevu, paka mafuta ya mgando au losheni nzito isiyo na manukato. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa, na mteja anarudi kesho yake na ngozi iliyopauka akilaumu chumvi. Mara moja kwa wiki inatosha. Ngozi kavu, mara moja kwa wiki mbili.

Usoni hapana. Nalirudia kwa sababu naona mabango: usoni hapana. Ngozi ya uso ni nyembamba, na mafuta ya nazi yanaziba vinyweleo na kuongeza chunusi. Kwapani au miguuni palipotoka kunyolewa, subiri siku mbili. Kwa mteja aliyetumia mkorogo, usiguse kabisa. Krimu zenye steroidi zinaipunguza ngozi unene, na chumvi itaichana.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa kuwa ndipo ngozi yetu nyeusi inapotofautiana na ile iliyoandikiwa maelekezo mengi ya mitandaoni. Ngozi yetu ikiumia hata kidogo, ikavimba, inajibu kwa kumwaga rangi. Mkwaruzo ambao kwa mwenzetu mweupe ungekuwa wekundu wa siku tatu, kwetu unakuwa doa jeusi la miezi. Mtu anasugua magoti ili weusi utoke, anasugua zaidi, weusi unaongezeka, anaamua chumvi yake haina nguvu, anahamia punje kubwa. Nimeona magoti yaliyoharibiwa hivyo, na yanauma moyo, maana yalianza na weusi wa kawaida wa kupiga magoti kwenye sakafu. Ukiona ngozi imebadilika rangi au mteja amesema inachoma, acha papo hapo, suuza, paka mafuta ya mgando, usimsugue tena mpaka wiki mbili zipite.

Na wanaochanganya chumvi na limau au ndimu: acheni leo. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na jua la Dar likaipiga, ngozi inaungua, inatoa malengelenge, na inaacha michirizi myeusi. Hakuna faida inayolipa gharama hiyo.

Kwa masomo na makungwi: singo yenu ya liwa iliyosagwa juu ya msio ni laini kuliko chumvi yoyote, na kwa bi harusi naipendelea hiyo. Akiitaka chumvi, iwe siku nne au tano kabla ya sherehe na kabla ya hina. Rangi ya hina inakaa kwenye lile tabaka la seli zilizokufa ambalo skrabu inaliondoa. Ukisugua baada ya hina umelipangusa ua. Aliyepakwa piko akaanza kuwashwa asisuguliwe kwa chochote, apelekwe kwa daktari.

Miguu sasa. Beseni la lita 5 za maji ya vuguvugu, gramu 100 za chumvi, dakika 10 hadi 15. Pima joto kwa kiwiko. Inalainisha magaga ili jiwe la kusugulia lifanye kazi, na uchovu unapungua, ingawa sifa nyingi hapo ni za uvuguvugu. Kausha katikati ya vidole, paka krimu yenye yurea. Fangasi haiponi kwa chumvi. Inataka dawa ya fangasi kutoka famasi. Muulize kila mteja kama ana kisukari. Akikubali, usimloweke. Mguu uliopoteza hisia hausikii maji ya moto, na kidonda chake kinaweza kumkatisha mguu.

Kwa koo linalokwaruza: nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, sukutua, tema, mara tatu au nne kwa siku. Aliyeng'olewa jino asisukutue saa 24 za kwanza, damu iliyoganda isitoke. Kwa pua iliyoziba: lita moja ya maji yaliyochemka sawasawa walau dakika moja na kupoa, gramu 9 za chumvi isiyo na madini joto (iodini), yaani kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi laini, kilichofutwa juu kwa kisu. Chumvi ya mawe inakaa kwenye kijiko tofauti, ipime kwa mizani. Maji ya bomba yasiyochemshwa yasiingie puani. Kuna amiba, kijidudu cha majini, anayepanda kutoka puani hadi kwenye ubongo. Ni nadra sana, lakini akimpata mtu karibu kila mara anamuua.

Mama aliyejifungua akikalia maji ya chumvi, kipimo kiwe hicho hicho cha gramu 9 kwa lita, vuguvugu, dakika kumi, naye amuulize kwanza mkunga. Kuosha ndani ya uke kwa maji ya chumvi, hapana. Uke una bakteria wake wanaoulinda, na ukiwafagia unakaribisha maambukizi. Kumsugua mtoto mchanga chumvi, hapana pia: ngozi yake inapitisha chumvi mpaka kwenye damu, na watoto wamekufa kwa hilo. Kunywa maji ya chumvi kusafisha tumbo, hapana.

Ya kula nitasema machache. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na iliyo kwenye mkate na supu. Nayo iwe yenye madini joto. Watu wanadhani chumvi ya asili, kwa kuwa imetoka baharini, inayo tayari. Lita ya maji ya bahari ina kama maikrogramu 60 za madini joto. Hata yote yangebaki kwenye gramu zile 35, gramu 5 zingekupa 8 au 9, na mtu mzima anahitaji 150, mjamzito 250. Kwa hiyo nyumbani kuwe na makopo mawili: la jikoni lenye madini joto, limefunikwa, mbali na jiko, na la bafuni la chumvi ya mawe.

Mnaotaka kuuza: tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, siyo tena ile mamlaka ya zamani ya chakula na dawa. Kabla ya kuchapisha lebo, nendeni mkaulize utaratibu. Kwenye lebo andikeni viungo vyote, uzito, tarehe ya kutengeneza na ya mwisho wa matumizi, na onyo la uso na vidonda. Msiandike kwamba inatibu. Kopo liwe la mdomo mpana, na kijiko kikavu kiwe ndani yake, mteja asichote kwa mkono wenye maji. Skrabu ya mafuta ya alizeti mimi siipi zaidi ya miezi mitatu kwa joto la hapa. Ikianza kunuka kuchacha, mwageni hata kama kopo bado limejaa.