Si mwili uliozoea dawa, ni bakteria

Assalaam aleikum. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mlokaa kule kwa ngazi, ahsanteni kwa kuja baada ya Isha.

Nianze na karatasi. Mwaka jana mamangu alipata ugonjwa wa mkojo, homa, kiuno kinamuuma, akameza amoksili alizopewa na jirani hazikufanya kitu, akaniambia "mwanangu, mwili wangu ushazoea dawa." Tukapeleka mkojo maabara, bakteria wakaoteshwa, karatasi ikarudi na safu ya majina ya dawa na kando yake R, R, R, yaani hii imeshindwa, hii imeshindwa, mpaka chini kabisa ndo nikaona S moja tu, yaani hii yafanya kazi, dawa ya sindano iitwayo meropenemu.

Mwili wa mamangu haukuzoea chochote. Walobadilika ni wale bakteria.

Bakteria ana ukuta, na akitaka kugawanyika lazma ajenge zaidi, kama nyumba zetu za mawe hapa Lamu, kuna mafundi wa kupachika jiwe juu ya jiwe. Penisilini, jamaa ya ile amoksili, yamkamata fundi mkono na haimwachii, ukuta wabaki na matundu, bakteria apasuka. Kinachomkamata ni kijipete ndani ya dawa, pembe 4, kaboni 3 na naitrojeni 1, kimekazwa kama mtego. Sasa bakteria wengine wana enzaimu iitwayo beta-laktamesi, yatia maji kwenye kile kijipete, chafunguka, dawa imekwisha, yaenda kwa kingine. Kuna aina yaitwa TEM-1, enzaimu moja tu yaweza kukata penisilini kama 1,000 kwa sekunde! Meza utakavyo.

Na ni ya zamani. Wanasayansi wawili, Abraham na Chain, waliieleza enzaimu kama hii mwaka 1940, penisilini haijafika kwa watu. Sisi kazi yetu imekuwa kuua wasokuwa nayo na kuwaachia nafasi walo nayo, kila tukimeza dawa ya bakteria kwa mafua, ambayo ni virusi.

Linalonikosesha usingizi ni vile inavyosafiri. Maelezo ya kuitengeneza ile enzaimu ni jeni, na mara nyingi jeni hiyo haiko kwenye DNA kubwa ya bakteria, iko kwenye kijiduara cha pembeni, plasmidi. E. koli, bakteria wa matumboni, amtolea mwenzake kimrija, amvuta karibu, ampa nakala na yeye abaki na yake, na huyo mwenzake si lazma awe jamaa yake wa karibu, hata Klebsiela, bakteria wa jinsi nyingine, apewa. Kikundi kimoja cha enzaimu hizi, kiitwacho CTX-M, kilitoka kwa Kluyvera, bakteria ambaye wengi wenu hamjamsikia, leo kiko dunia nzima ndani ya E. koli wa mkojo. Plasmidi moja yaweza kubeba jeni za kushinda dawa kadhaa kwa pamoja, ndo maana zile R zajipanga vile.

Mamangu alipona kwa ile sindano ya meropenemu. Lakini mwaka 2008 kuna mgonjwa Sweden, alitoka kutibiwa New Delhi, akakutwa na Klebsiela mwenye enzaimu mpya ikaitwa NDM-1, yatumia zinki, na hiyo meropenemu nayo yaikata. Jeni yake iko kwenye plasmidi.

Haya, naona mkono wa bibi pale mlangoni. Uliza, bibi.