Taa Ilizimika, Vali Ikabaki Wazi

Ndugu wasikilizaji, nitaanza na taa moja ndogo. Alfajiri ya Machi 28, 1979, kwenye kinu cha nyuklia namba 2 cha kituo cha umeme cha Three Mile Island, Pennsylvania, Marekani, vali ya kupunguza shinikizo ilifunguka kama ilivyotakiwa, kisha ikakwama wazi. Taa yake ikazimika, waendeshaji wakaamini vali imefungwa. Kumbe taa ile haikuwa na habari na vali yenyewe. Kuzimika kwake kulimaanisha tu kwamba amri ya kufunga imetolewa. Maji ya kupozea yakamwagika kwa zaidi ya saa mbili.

Dakika za mwanzo vililia ving'ora zaidi ya 100. Kipimo cha tangi lililokuwa likipokea maji hayo, ambacho kingewafumbua macho, kilikuwa nyuma ya paneli. Mimi siwalaumu watu wale hata kidogo. Chumba chenyewe cha kuongozea kinu ndicho kilichowaficha ukweli.

Sasa tuje kwenye vinu vidogo, yaani visivyozidi megawati 300 za umeme. Baadhi yake maji huzunguka yenyewe bila pampu, kwa hiyo hitilafu ikitokea mwendeshaji anapata muda wa kufikiri. Wako wanaodhani basi kazi yetu ya kusanifu skrini za chumba cha kuongozea imekuwa nyepesi. Siyo. Kampuni ya NuScale ilisanifu vinu 12 viongozwe kutoka chumba kimoja. Hapo linazaliwa swali ambalo chumba cha kinu kimoja hakikuwa nalo: hivi sasa ninatazama kinu kipi? Mtu akisoma shinikizo la kinu cha 4, kisha akabonyeza kitufe cha kinu cha 5, amegusa kinu kisicho na hitilafu, na kile kigonjwa bado kiko palepale.

Ndiyo maana nasisitiza kila kinu kiwe na mahali pake ukutani, pasipohama kamwe, na namba yake ionekane kwa ukubwa kila panapotolewa amri. Rangi nyekundu ihifadhiwe kwa hatari. Ving'ora vipangwe kwa chanzo, kile kilichotangulia kionekane kwanza.

Na skrini itenganishe mambo mawili: amri iliyotumwa, na hali iliyopimwa kwenye kifaa chenyewe. Ninapokaa na waendeshaji kwenye chumba cha mazoezi huwauliza, “Umejuaje kwamba vali imefungwa?” Akinijibu, “Nimebonyeza,” narudi kwenye meza ya michoro.