Weusi wa Masizi na Weusi wa Bilinganya: Mhadhara kwa Mafundi Rangi, Kigoma

Wazee wangu, shikamooni. Mafundi wenzangu na vijana wa chuo, habari za jioni. Nashukuru mmezima kompresa mkaja kusikiliza habari za mwanga, tena hapa kwetu mwisho wa reli, ambako gari la kujiendesha lenyewe bado tunalisikia redioni tu.

Nimekuja na bilinganya. Nimelinunua asubuhi soko la Mwanga, msicheke. Ngozi yake nyeusi, inang'aa kama gari lililotoka kupigwa klia, lile koti la juu lisilo na rangi. Nalikata hivi: ndani jeupe. Tuliweke hapa mezani, tutalirudia.

Mengi ya magari hayo ya kujiendesha hutazama njia kwa kifaa kinachoitwa lida. Kinatupa mpigo mfupi sana wa leza, kisha kinangoja mwangwi wake. Mwanga hukimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Chukua sekunde moja uigawe vipande bilioni: kitu kilicho mita 100 mbele yako hurudisha mpigo baada ya vipande 670 hivi. Kifaa kinapima muda, kinajua umbali. Lida nyingi za magari hutumia mwanga wa nanomita 905, nyingine 1550; nanomita ndicho kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga. Jicho letu huishia karibu na 700, kwa hiyo leza hiyo inaweza kukupita usoni usijue.

Na msidhani ni mambo ya Marekani tu. Axio na Fielder za kuanzia 2015 zenye mfumo wa Toyota Safety Sense C zina kisanduku juu kwenye kioo cha mbele, ndani yake leza na kamera. Ni leza ndogo, si lida kamili, lakini kazi yake ni ileile: kutazama kilicho mbele na kusaidia kufunga breki. Magari hayo yanaingia gereji zenu.

Sasa weusi. Nyeusi tuliyoizoea ni masizi. Ndugu wa yale ya sufuria ya kuni, ila haya yametengenezwa kiwandani. Masizi hayabagui. Yanameza mwanga unaoonekana na usioonekana. Tuseme gari jeupe linarudisha asilimia 80 ya leza, na jeusi la masizi asilimia 5. Mwangwi hudhoofika kwa mraba wa umbali, kwa hiyo kifaa kinacholiona jeupe likiwa mita 200 kitaliona jeusi likifika mita 50. Ukiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, mita 50 zinakwisha kabla ya sekunde mbili. Dereva yeyote wa basi la Kasulu anaijua sekunde mbili.

Lakini tusitie chumvi. Nyuma ya gari kuna riflekta na kibati cha namba, navyo hurudisha leza vizuri. Shida ni ubavu na boneti, na klia inaizidisha: leza ikiangukia kwa mshazari, inateleza kama juu ya kioo na kwenda zake. Mtu atauliza, si waongeze nguvu ya leza? Ile ya 905 hupenya mpaka nyuma ya jicho. Ukiiongeza ovyo, unamuumiza mtembea kwa miguu uliyetaka kumwokoa.

Turudi mezani. Ngozi ya bilinganya inameza mwanga tunaouona, ndiyo maana ni nyeusi, lakini infraredi, yaani mwanga usioonekana kama ule wa leza yetu, inaiachia ipite. Inafika kwenye nyama nyeupe, inarudishwa. Kampuni ya rangi ya PPG ya Marekani imeeleza kwamba wazo lake la rangi nyeusi inayorudisha leza lilitoka kwenye tunda hilihili. Kwenye gari, badala ya masizi unatumia unga mweusi wa jamii ya perilini, unaopitisha infraredi, na chini yake unaweka koti jeupe la dioksidi ya titani. Macho yanaona nyeusi. Leza inaona nyeupe. Faida nyingine, na watu wa Tabora wataipenda: karibu nusu ya nishati ya jua ni infraredi, kwa hiyo bati halichemki kama la masizi.

Hapo ndipo kazi yenu inapoingia, na ndiyo sababu ya kuja kwangu. Gari kama hilo likikwaruzwa mlangoni, fundi anapaka pati, anapuliza praima ya kijivu, anachanganya nyeusi yake ya kopo, anapiga klia. Mwenye gari anafurahi, rangi imeshika sawasawa. Kwa leza, mlango umetoboka. Hata masizi kidogo yaliyobaki kwenye kikombe cha kuchanganyia yanaharibu kazi, na hakuna jicho litakalokwambia.

Mzee wa pale nyuma ameniuliza, na ameuliza vizuri: sasa tutajuaje, na sisi hatuna mashine? Mnayo. Kamera za ulinzi za madukani huwasha infraredi usiku. Ndiyo maana mlinzi mwenye koti jeusi wakati mwingine anaonekana kwenye skrini kama kavaa kanzu. Lisogezeni gari mbele ya kamera hiyo gizani. Likitoka jeusi tii, ni masizi, endeleeni na kopo lenu. Likitoka la kijivu au jeupe, msiwashe kompresa kwanza. Tafuteni namba ya rangi ya gari hilo, na muulize chini yake kulikuwa na koti gani.