Namna ya kulinasa joto likiwa safarini

Haya, karibuni. Leo tunahitaji pasi, karatasi ya alumini ya kufungia chakula, makopo mawili yanayolingana, mshumaa, vipimajoto viwili na bonge la barafu, kubwa kama sahani. Watoto wawe na mtu mzima, maana pasi haina mzaha.

Tuanze na pasi. Ipashe ipate moto, chomoa waya, isimamishe wima. Leta kiganja ubavuni mwake, sentimita 10 hivi kutoka kwenye bati. Usiguse! Joto limefika, sivyo? Utasema ni hewa. Lakini hewa ya moto hupanda juu, na mkono wetu uko pembeni. Sasa pitisha karatasi ya alumini katikati. Umeona? Limekatika papo hapo. Iondoe, limerudi. Hewa haibadiliki upesi namna hiyo. Hii ni mionzi ya joto, ndugu ya mwanga, na mwendo wake ni uleule: kilomita 300,000 hivi kwa sekunde. Ndiyo inayotuletea joto la jua, mahali ambapo katikati hakuna hewa ya kulibeba.

Tuje kwenye makopo. Yawe ya bati tupu, bila rangi wala karatasi. Moja lizungushe juu ya mwali wa mshumaa mpaka lipakae masizi nje kote. Lingine liache ling'ae. Mimina maji ya moto kiasi kilekile, funika, chomeka vipimajoto, uyaweke juu ya ubao yakiwa mbalimbali. Soma kila baada ya dakika 5. Lenye masizi litatangulia kupoa, kwa kuwa uso mweusi hutoa mionzi mingi kuliko uso unaong'aa. Mwaka 1804 mwanasayansi Mskoti John Leslie alionyesha jambo hili kwa boksi la maji ya moto ambalo kila upande wake ulikuwa na uso tofauti.

Mfuniko usiusahau. Mimi mara ya kwanza niliuacha, mvuke ukaondoka na joto, makopo yakapoa karibu sawa, nikakaa naulaumu mshumaa.

Ukimaliza, weka maji baridi humohumo, uyaanike yote mawili juani. Lile la masizi ndilo litakalowahi kupata joto. Mtoaji hodari ni mpokeaji hodari pia.

Sasa barafu, na hapa ndipo ninapopapenda. Isimamishe juu ya meza, sogeza shavu pembeni yake, juu kidogo, maana hewa ya baridi huzama chini. Baki na nafasi ya vidole viwili au vitatu. Unahisi baridi inakujia, eti? Haiji. Hakuna kitu baridi kinachosafiri. Barafu nayo inakutumia joto, hata kama ni nyuzi 0!

Mwanasayansi wa Geneva, Pierre Prévost, alilieleza hili mwaka 1791: kila kitu hutoa mionzi muda wote, cha moto na cha baridi, na kila kimoja hupokea ya mwenzake. Tufanye hesabu. Ngozi yenye nyuzi 33 hutoa takriban wati 500 kwa kila mita ya mraba. Ukuta wa nyuzi 25 unairudishia kama 450, kwa hiyo hasara ni ndogo na wala huihisi. Barafu inarudisha kama 315 tu. Shavu linatoa kama kawaida, linalopungua ni malipo. Huo upungufu ndio tunaouita baridi.

Bado hujaamini? Chukua ileile karatasi ya alumini, ipitishe kati ya shavu na barafu bila kugusa chochote. Tulia kidogo. Ile baridi imepungua, na joto unalolihisi halijatoka kwenye karatasi. Ni la shavu lako mwenyewe, linarudishwa.