Mwaka wa Kwanza wa Wafaransa

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wa Njombe, habari za jioni.

Bunge la Ufaransa lilifuta ufalme tarehe 21 Septemba 1792. Oktoba ya mwaka uliofuata likaamua kwamba hata hesabu ya miaka ianze upya: 22 Septemba 1792 iwe siku ya kwanza ya Mwaka wa Kwanza. Kuzaliwa kwa Kristo kukaachwa kando.

Miezi ilikuwa 12, kila mmoja siku 30 kamili. Siku 5 zilizobaki, au 6 kwa mwaka mrefu, zikawa sikukuu za kufunga mwaka. Wiki ikawa ya siku 10. Usiku na mchana pamoja ni saa 10, saa ina dakika 100, dakika sekunde 100. Saa yao moja ni sawa na saa mbili na dakika 24 zetu; jua la utosi ni saa tano. Mafundi wakachora nyuso za saa zenye namba duru mbili, za zamani na mpya, watu wasipotee.

Sasa tazameni Thermidor, mwezi wa joto. Ulianza 19 au 20 Julai. Julai hapa kwetu jalidi inaunguza viazi shambani! Walisema kalenda ni ya wanadamu wote, kumbe wameipima kwa hewa ya Paris. Hili linaniuma kuliko kasoro zake zote.

Kilichowachosha watu zaidi ni mapumziko. Jumapili 52 zilifutwa, zikaja siku 36 za kupumzika. Kibarua akafanya kazi siku tisa mfululizo, na aliyetaka kusali Jumapili akajikuta anavunja utaratibu wa serikali.

Mwaka mrefu nao ulileta utata. Sheria ilisema mwaka uanze siku ambayo usiku na mchana hulingana, kwa vipimo vya Paris; papo hapo ikataka siku ya ziada kila mwaka wa nne. Kwa vipimo vya anga, baada ya mwaka mrefu wa 15, mwingine ungekuwa wa 20, yaani miaka mitano baadaye, si minne. Haukufikiwa: Napoleon, mtawala wa Ufaransa wakati huo, aliirudisha kalenda ya zamani tarehe 1 Januari 1806.

Ule mtindo wa siku yenye saa 10 ulikwisha mapema zaidi. Sheria ya 7 Aprili 1795 iliyoondoa ulazima wake ndiyo hiyo hiyo iliyoweka majina ya mita, lita na gramu. Debe la mahindi pale sokoni tunalihesabu lita 20.