Mizani Husikika: Mhadhara kwa Watunzi Chipukizi

Asanteni. Ratiba inasema nizungumzie vina, mizani, beti, vituo na bahari zote, yaani aina zote, za ushairi kwa nusu saa. Aliyeiandika hanijui. Nitaanza na mizani, na wanaonijua wameshakisia kwamba huenda nisitoke humo.

Shairi la mishororo minne mnalijua: ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, mizani nane; utao, nusu ya pili, mizani nane. Sirudii. Linalonikera ni namna mnavyozihesabu hizo nane. Hata waamuzi wa mashindano nawaona wameinamia karatasi, kidole kikitembea juu ya herufi kama karani anayehakiki stoo. Mizani ni silabi jamani, na silabi ni jambo la mdomo na sikio.

Haya, tutamke pamoja: mbu. Mizani ngapi? Nasikia moja. Tamkeni tena, polepole: m-bu. Mkazo umeangukia wapi? Kwenye m. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo m hiyo ni silabi kamili. Mbili! Sasa mbuzi: mbu-zi. Mbili vilevile, maana hapa m imegandana na b, haisimami peke yake. Mdudu na mnyama wanalingana. Halafu kuna mbuni. Yule ndege mkubwa ni mbu-ni, mizani mbili. Mti wa kahawa ni m-bu-ni, mizani tatu, kwa kuwa m yake ni kiambishi. Wingi wake ni mibuni. Herufi ni zilezile tano. Hicho kidole chako kitakwambia nini hapo?

Juzi nimeletewa shairi linaloanza, "Mtu mwema huwa haringi". Mtunzi kahesabu mtu kuwa mizani moja, akajiona ametimiza nane. Ghanini, yaani someni kwa kuimba: m-tu-mwe-ma-hu-wa-ha-ri-ngi. Tisa. Mghani atajikwaa kabla hajaufikia utao. Sasa jaribuni hivi: "Mtu mwema haringii, hata ajazwe hazina." Nane kwa nane, na pumzi inakatika pale pale maana inapokatika.

Najua mtakalosema: "Mwalimu, mghani si huvuta sauti?" Huvuta, ndiyo. Silabi iliyopo anaweza kuivuta mpaka alfajiri. Iliyozidi itabidi aimeze, na neno litaharibika. Wala msiniambie kwamba siku hizi mashairi husomwa kimyakimya. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, alifariki mwaka 1840. Tungo zake zilikuja kukusanywa na mtu aliyeitwa Mwalimu Sikujua, miongo kadhaa baadaye, kwa wazee waliozihifadhi vichwani. Mnadhani nini kiliwasaidia wazee wale? Mshororo ukipungua mizani sikio linashtuka, mtu anajua kuna neno limedondoka, anarudi kulitafuta. Kina nacho, ile silabi ya mwisho inayolingana, kinamwelekeza neno hilo lilikuwa linaishia wapi.

Mnaruhusiwa kukata, bila shaka. Moyo wake ni mizani nne. Ukiandika moyowe umepata tatu. Hiyo ni inkisari. Kurefusha ni mazida. Lakini ukikata katika kila mshororo tutajua umeishiwa maneno, si kwamba una ufundi.

Nauona mkono ule. Unataka kuniuliza kuhusu mshairi Euphrase Kezilahabi. Diwani yake Kichomi ilitoka mwaka 1974, wanamapokeo, wale wanaoshikilia vina na mizani, wakang'aka, na mimi leo sina ugomvi nayo. Kezilahabi aliacha vina na mizani akijua anachoacha. Wewe unaviacha kwa sababu hesabu imekushinda. Shusha mkono.

Vina, haraka haraka. Kina ni silabi nzima, konsonanti pamoja na irabu yake. Na na ma si kina kimoja, hata mkinibembeleza. Kituo ni mshororo wa kumalizia ubeti. Ukirudiwa ubeti hadi ubeti tunauita kibwagizo, na tafadhali usikirudie kama hakisemi kitu. Kwenye utenzi ubeti una vipande vinne vya mizani nane: vitatu vya mwanzo vina kina chao, cha nne kinashika kina kinachopita utenzi mzima. Kwa hiyo chagua kina ambacho hakitakuishia ubeti wa kumi.

Bahari zimebaki zote, na mwenyekiti ananionyesha saa. Basi, tuziache. Aliye na ubeti aje mbele aughani, tuhesabu pamoja kwa sauti. Karatasi iache kitini.